Saa Bubu ya Songoro

Bi Tunu hakuwa mtu wa kubembeleza mteja. Alimwaga saa za mkononi kumi na moja juu ya kitambaa cheusi, akarudi kwenye kigoda chake na kuendelea kumenya chungwa. Duka lake lilikuwa nyuma ya stesheni ya Tabora, pale ambapo treni za sumaku hupita bila kelele, ila vikombe vya kabatini hutetemeka kidogo kila baada ya nusu saa.

"Chagua, mwanangu. Ila usichague kwa rangi."

Nyamizi akachagua kwa rangi. Aliokota moja ya buluu, nyembamba, akaiweka kiganjani kuona uzito wake.

"Hiyo ni Jirani," Bi Tunu akasema. "Bei ya kilo mbili za sukari. Unajua kwa nini iko rahisi hivyo?"

"Inauza habari za mtu."

"Kumbe unajua, na bado umeishika."

Nyamizi akairudisha haraka. Nani asiyejua? Nusu ya mikono ya Tabora ilivaa Jirani, na mumewe Songoro alikuwa mmoja wao mpaka mwezi uliopita. Saa hiyo ilihesabu mapigo ya moyo, usingizi, jasho na hatua, na kila ilichohesabu ilikipeleka kwa watu wa bima na kwa mwajiri, na hata ofisi ya mtaa ilipata mgao wake. Siku Songoro alipomzika mama yake, moyo ulimwenda mbio kuanzia alfajiri hadi jioni, kama ambavyo ungemwenda mtoto yeyote mwenye mama. Kesho yake alipofika kazini, mlango wa chumba cha kuongozea treni ulikataa kumfungukia. Maandishi yalisema hayuko salama, arudi baada ya siku ishirini na moja. Songoro akarudi nyumbani, akaivua ile saa na kuitosa kwenye ndoo ya maji.

Lakini kazini hapaingiliki bila saa mkononi. Saa ndiyo kitambulisho, na ndiyo inayofungua milango.

"Nitafutie nyingine, mama Feruzi," alimwambia mkewe. "Ya bei ya watu kama sisi. Ila iwe yangu. Moyo ukiniuma, nijue mimi."

Alimtuma yeye kwa sababu yeye ndiye mke mkubwa. Katika ukoo wa Songoro kila kitu kipya cha mume hupita kwanza kwa mke mkubwa: shati atalivaa yeye dakika moja, kofia ataiweka kichwani, viatu atavitia miguuni hata kama vinampwaya, ndipo mume akabidhiwe. Wanaita kukitoa ukali. Sikudhani, mke mdogo wa kule Kiloleni, haki hiyo hakuwa nayo, na Nyamizi alihakikisha hasahau.

"Mtu anayetafuta saa isiyo na umbea," Bi Tunu alisema, "asiulize inafanya nini. Zote zinafanya. Aulize habari zake zinalala wapi. Zikilala ndani ya saa yenyewe, sawa. Zikilala kwa watu, hata wakuapie kwa Msahafu, hapo hujanunua saa, umenunua dirisha." Akanyoosha kidole chenye maji ya chungwa kuelekea saa moja ya kahawia, nene, isiyo na mvuto wowote. "Hiyo pale ni Kimya. Wanaitengeneza mafundi wa Mwanza. Haina michezo, haina nyimbo, betri ni ya siku nne. Bei yake mara mbili ya Jirani, lakini ukishalipa umelipa, hakuna wa kukudai mwisho wa mwezi. Mlangoni inasema jina la mtu na basi. Watu wanaiita saa bubu."

"Na nani anaona yaliyomo?"

"Mwenye ufunguo tu. Na ufunguo wenyewe hauandikwi popote. Kila moyo una mwendo wake, kama kila mtu alivyo na sauti yake. Saa inamsikiliza yule anayeivaa wa kwanza, dakika moja kamili, ikishaushika ule mwendo imemaliza kazi. Tangu hapo mvaaji anaweza kuwa yeyote, msomaji ni huyo huyo mmoja. Akiwa popote, akigusa simu yake, habari zinamjia zimefungwa, na njiani hakuna wa kuzifungua." Akafuta mikono. "Kwa hiyo usiivae. Mpelekee ndani ya boksi lake, aivae mwenyewe. Hiyo mila yenu ya kutoa ukali naijua, ndiyo maana nakwambia."

"Nimeelewa, Bi Tunu. Na ufunguo hauwezi kubadilishwa?"

Mwanamke mzee akalifunga boksi la saa.

"Nina miaka thelathini nauza saa," alisema. "Wake wanaowanunulia waume huniuliza kama inaingia maji. Ukimchunguza sana bata, mwanangu, hutamla."

Nyamizi akalipa, akaaga, na njia nzima akawa anamkasirikia Bi Tunu kwa kosa ambalo yeye mwenyewe alikuwa hajalitenda.

*

Tumwambie ukweli msomaji: Nyamizi alikuwa na wivu, tena si ule wa kurusha sufuria. Wake ulikuwa wa kuhesabu. Tangu Sikudhani aolewe, miaka minne sasa, Songoro aligawa zamu kwa haki, siku mbili Kiloleni na siku mbili nyumbani kwa Nyamizi, na hakuwahi kuiba hata saa moja. Hilo ndilo lililomuudhi. Mtu akikuibia utamshtaki. Huyu alirudi kila mara kwa wakati, amenyoa, ananukia sabuni isiyo ya nyumba hii, na Nyamizi akabaki kuhesabu vipande vya nyama alivyokula ili ajue kama kule alishiba. Bima walijua moyo wa mumewe unavyokwenda. Ofisi ya mtaa walijua. Yeye aliyemzalia watoto watatu na kuishi naye miaka kumi na tisa hakujua kitu.

Alipomtolea Songoro boksi mezani, mume alifurahi mpaka aibu. Aliigeuza ile saa mbaya ya kahawia kama aliyepewa dhahabu.

"Haipeleki popote?"

"Popote."

"Umeuliza vizuri?"

"Nimeuliza mpaka mwenye duka amenichoka."

Songoro akacheka, halafu akamnyooshea. "Haya basi, bi mkubwa. Itoe ukali."

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yake. Ilitosha kusema: hii hapana, baba Feruzi, hii ina utaratibu wake. Maneno hayo alikuwa nayo mdomoni, aliyasikia kabisa yalivyokaa. Badala yake alinyoosha mkono wa kushoto. Songoro mwenyewe akamfungia mkanda, na kwa kuwa alikuwa na furaha akaanza kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, kama watoto wanaocheza kujificha, mpaka sitini. Saa ikatetemeka kidogo juu ya mshipa.

"Imetoka?" aliuliza.

"Imetoka," Nyamizi akajibu, na kumvalisha.

*

Alijiandaa kuona moyo unaokimbia. Hilo alikuwa amelipangia majibu kabisa: akikuta kule Kiloleni unadunda mia na zaidi, atasema ni upya, ni ujana wa Sikudhani, na upya huchakaa. Zamu ya kwanza ilipopita aligusa simu yake saa nne asubuhi, akiwa peke yake jikoni, na namba zikajipanga.

Kiloleni, baada ya chakula cha jioni: sitini na mbili. Kiloleni, akinywa chai: sitini. Usingizi wa saa saba bila kugeuka.

Akasogeza chini. Nyumbani kwake: themanini na tano. Themanini na saba. Akiingia mlangoni, tisini na moja.

Nyamizi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kukimbia angekuvumilia, lakini huku kutulia hakuwa na dawa yake. Mumewe akienda kwa mwenzake alitua mzigo, na akirudi kwake aliubeba tena. Akamchukia Sikudhani kuliko siku ile alipopewa habari za ndoa.

Basi akaanza kazi ya kuishusha ile namba. Kahawa aliipiga marufuku, akaleta chai ya mchaichai. Watoto waliagizwa kwenda kusomea kwa shangazi yao kila Songoro akiwa zamu ya kwake. Kiti kilicholia kikikaliwa akakipeleka uani, akafukiza udi, akavaa kanga aliyokuwa ameitunza kwa ajili ya arusi ya watu. Kisha aliketi mkabala na mumewe na kumwangalia.

"Umetulia, baba Feruzi?"

"Nimetulia."

"Kabisa?"

"Kwani kuna nini?"

Simu ilikuwa chini ya upindo wa kanga. Tisini na tatu.

Songoro alipouliza mbona simu yake mwenyewe haimwonyeshi kitu, alimwambia saa bubu huchelewa kuuzoea mkono. Siku zilivyozidi akawa fundi wa kusoma. Alijua Songoro ameshtuka kazini saa tano na robo, na jioni alimuuliza, "Leo hakuna kilichokushtua?" Alijua hakulala vizuri, akamwambia, "Macho yako yanasema hukulala." Songoro akadhani ni mapenzi yaliyorudi, yale ya zamani ambapo mke humjua mume bila kuambiwa. Alimshukuru. Ile shukrani ilimchoma Nyamizi, lakini haikumzuia kutazama.

*

Wiki ya tano, adhuhuri, Songoro akiwa kazini, alikwenda Kiloleni. Alimkuta Sikudhani uani akichuja asali, mikono imenata hadi kwenye viwiko.

"Dada Nyamizi! Karibu. Mbona hukusema unakuja, ningekupikia."

"Sikuja kula, mwenzangu."

Aliketi na kuangalia kila kitu kupitia mlango uliokuwa wazi. Kitanda cha kawaida. Kiti kimoja cha kamba. Feni. Hakuona udi wala taa za rangi, hakuona hila yoyote ambayo mtu angeweza kwenda nayo nyumbani akaiiga.

"Akija hapa," aliuliza, "huwa anafanya nini?"

Sikudhani akacheka kwa haya. "Dada, maswali gani hayo?"

"Nakuuliza kwa heri."

"Anaoga. Anakula. Anakaa kwenye kile kiti mpaka asinzie. Mimi nashughulika na mizinga yangu. Kuna siku hatuzungumzi maneno ishirini."

"Basi?"

"Basi. Wewe ulidhani nini?"

Nyamizi alikuwa ameapa njiani kwamba hatasema. Lakini mwenye kidonda hukikuna. "Sitini na mbili!" alipasuka. "Unampa nini mpaka moyo wake unakwenda sitini na mbili? Miaka kumi na tisa mimi nimeshindwa!"

Chujio likasimama hewani. Sikudhani aliuliza taratibu, neno kwa neno, na Nyamizi akajibu yote: duka, mila, dakika moja, simu. Alipomaliza alingoja mwenzake atabasamu. Alijiandaa kabisa kwa lile tabasamu.

"Na kwako?" Sikudhani akauliza.

"Themanini na saba. Akiingia mlangoni, tisini na moja."

"Tisini na moja. Kwa kuingia tu."

Sikudhani akaliweka chujio chini. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na minane, na kwa mara ya kwanza Nyamizi alimwona jinsi atakavyokuwa akizeeka.

"Kwa hiyo kwangu anakuja kusinzia," alisema. "Miaka minne, dada. Sijawahi kuufanya moyo wa mume wangu ukimbie hata siku moja. Nilidhani ni mtu mpole. Nilijiambia, Songoro ndivyo alivyo, hana makuu. Kumbe anayo, anakuwekea wewe."

Nyamizi hakuwa amelifikiria hivyo. Kwa muda mfupi alifurahi, tusimfiche, alifurahi sana, na joto likampanda mpaka masikioni. Halafu akaona uso wa mwenzake na furaha ikakosa pa kukaa.

"Huenda si mapenzi," alisema. "Huenda namchosha."

"Mtu akichoshwa hukawia njiani. Yeye hukawia?"

Hakukawia. Wote wawili walijua.

Sikudhani akanawa mikono, akaifuta kwa upindo, akaja kuketi karibu naye. Sauti yake ilibaki ya heshima. "Nionyeshe."

"Haifai."

"Haifai kwangu tu? Dada, mume tunagawana siku mbili mbili na sijawahi kulalamika. Na huo ufunguo tugawane. Kila akiwa kwako unitumie namba zake, nami nitazame, nijifunze anachokipata huko. Ukikataa, kesho kutwa akija zamu yangu namwambia yote."

"Utamuumiza."

"Aliyemuumiza mimi simjui?"

*

Usije ukadhani dhamiri ndiyo iliyomfanya Nyamizi aseme. Alirudi nyumbani akilipima lile jambo kama mtu anayepima kitambaa kifupi. Akigawana na Sikudhani, siri itakaa, Songoro ataendelea kumshukuru, na maisha yatakwenda. Lakini Sikudhani atakuwa ameketi Kiloleni, vidole vina asali, akiutazama ule moyo ukipanda kila Songoro anapoingia mlango huu. Atajifunza. Leo atabadili mapishi, kesho kanga, na siku moja namba ya Kiloleni itaanza kupanda. Hilo Nyamizi hakuweza kulimeza. Alikuwa tayari kuipoteza ile namba, lakini si kuigawa.

Songoro alirudi jua likiwa bado kali, zamu yake imeanza hapa. Aliketi barazani na bakuli la karanga. Nyamizi akaiweka simu mezani, kati yao.

"Baba Feruzi, ile saa ufunguo wake ninao mimi."

Alitafuna karanga alizokuwa nazo mdomoni, akazimeza. "Ufunguo gani?"

Akamweleza. Alieleza kwa mpangilio mzuri kuliko alivyotarajia, tangu maneno ya Bi Tunu mpaka asubuhi ile jikoni, na hata habari za Kiloleni hakuziacha. Songoro hakumkatiza. Mwishoni aliuliza swali moja.

"Ile dakika niliyohesabu mimi?"

"Ile."

"Wakati nahesabu, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Songoro aliitikia kwa kichwa, kama anayepokea taarifa ya treni iliyochelewa. Hakusimama wala hakupaza sauti. Mtoto wa jirani alipita na kusalimia, naye akamwitikia vizuri, akamuuliza habari za shule.

Kisha akasema, "Nitazamie. Sasa hivi inasema nini?"

Nyamizi aliigusa simu. Alitarajia mia, mia na ishirini, alikuwa tayari kwa namba yoyote kubwa na tayari kuiombea msamaha.

Ilikuwa hamsini na tisa. Akiwa bado anaitazama ikawa hamsini na nane.

Namba ya namna hiyo haikuwahi kutokea ndani ya nyumba hii. Udi haukuileta, wala mchaichai. Akainua uso, na, Mungu amsamehe, alikuwa anatabasamu.

"Umetulia," alisema. "Baba Feruzi, umetulia kabisa."

"Ndiyo." Songoro alichagua karanga, akaimenya, akapuliza ganda. "Mimi kila nikiukaribia mlango huu nilikuwa najiuliza, leo nitamkuta mke wangu au nitamkuta amenuna kwa sababu ya kule. Miaka minne. Nikifika kona ya msikiti nahema kama niliyeposa jana. Nikakuambia nataka saa yangu peke yangu, kwa sababu hilo lilikuwa jambo langu, nilitaka nilimalize mimi mwenyewe kabla hujalijua." Akatafuna. "Leo nimeacha kujiuliza."

Tabasamu lilibaki usoni kwa Nyamizi kwa kukosa mtu wa kuliondoa.

"Nikasirikie," alisema. "Nipigie kelele, Songoro. Nitukane."

"Ningekuwa na hasira, ungeiona hapo."

Alifungua mkanda wa saa. Alifanya polepole, bila kuuvuta, akailaza ile saa ya kahawia juu ya meza, kioo juu. Simu ikatoa mlio mfupi na namba zikafutika. Badala yake yakatokea maneno mawili, na Nyamizi akayasoma mara ya kwanza, na ya pili, kwa sababu hakuwa na ujasiri wa kutazama kwingine: Hakuna mvaaji.

Songoro alikuwa bado ameketi mbele yake, anakula karanga.